Kupima Mifuko kwa Kalamu ya Risasi

Fedha za pwani ya Lindi huja kwa msimu. Ufuta ukishavunwa na minada ya chama kikuu cha Lindi Mwambao ikafunguliwa, wakulima wa Kilwa, Mtama na Lindi hupata fedha kwa mkupuo. Baadaye korosho hufuata, kuanzia mwezi wa kumi hivi. Katikati kuna pweza na mwani, vinavyoleta kidogo kidogo bamvua likitoa maji. Kisha Januari inabisha hodi na mahitaji ya shule, na kila mtu anataka kukopa siku moja. Kikundi cha kuweka na kukopa kinachoishi kwa mwendo huo hujikuta, kwa miezi kadhaa ya mwaka, kina fedha nyingi kuliko wakopaji. Zikilala ndani ya sanduku la kufuli tatu ziko salama dhidi ya mwizi, lakini mfumuko wa bei hauhitaji ufunguo. Hata mwaka 2024, ambao ulikuwa mtulivu, ulifika karibu asilimia 3.

Kikundi kimoja cha wanawake wa Kilwa Masoko kimempa mweka hazina wake kazi ya kutafuta pa kuziweka fedha hizo. Ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Watoto wa mji mzima wamepita mikononi mwake, kwa hiyo wakubwa kwa wadogo wanamwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Kazi yenyewe ni kupima mifuko ya uwekezaji wa pamoja kwa vigezo vingi kwa mara moja, kisha kuipanga kwa daraja. Vyuo vikuu vina kozi nzima za jambo hili na benki zina idara zake. Yeye huifanya mezani kwake, na nilipomtazama niliona ufundi uliokamilika, wenye zana zake na hatua zake.

Zana si nyingi. Kuna daftari kubwa la miraba, rula ya mbao, kifutio, kikokotoo cha wanafunzi wa sekondari, na kalamu mbili za risasi: moja ngumu ya kuchorea mistari, nyingine laini ya kuandikia namba. Programu ya majedwali kwenye kompyuta ingemaliza hesabu hizi kwa dakika chache, naye anajua kuitumia. Lakini anataka mwanachama yeyote aweze kuweka kidole kwenye mraba wowote na kuuliza namba hii imetoka wapi. Namba iliyoandikwa kwa mkono ina njia inayoonekana nyuma yake, na njia hiyo ndiyo anayoitunza kuliko jibu.

Anaanza kwa kusoma. Mbele yake kuna nyaraka za toleo za mifuko inayouzwa nchini, na huzisoma rula ikiwa chini ya mstari, asiruke aya. Msimamizi mkubwa wa mifuko hii ni UTT AMIS. Mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulifunguliwa mwaka 2005, ukifuatwa na Wekeza Maisha mwaka 2007, Watoto na Jikimu mwaka 2008, Ukwasi mwaka 2013 na Hatifungani mwaka 2019. Mwaka 2022 ukazinduliwa mfuko wa Faida chini ya Watumishi Housing. Kwa kila mmoja Mwalimu huandika mstari mmoja tu: fedha zinapelekwa wapi, na mfuko ulizaliwa kwa haja gani. Umoja huchanganya hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam na dhamana nyingine. Jikimu uliundwa kwa mtu anayetaka kupokea gawio mara kwa mara. Ukwasi ni wa fedha za muda mfupi. Watoto ni wa kumwekea mtoto akiba, na huo anaukata mapema kwa mstari wa rula, kwa sababu kikundi si mtoto. Kukata huku hakumchukui muda, ila kunapunguza makosa ya baadaye kuliko hesabu yoyote.

Hatua inayofuata ni bei. Mifuko hii hutangaza thamani ya kipande kila siku ya kazi. Mwalimu huchukua bei ya mwisho wa mwezi, mwezi baada ya mwezi, miaka mitano kwenda nyuma. Mwaka mmoja hauchukui, maana mwaka mmoja mzuri unaweza kumpamba yeyote. Bei ya mwezi huu anaigawa kwa bei ya mwezi uliopita, anatoa moja, anaandika. Mistari 60 kwa kila mfuko, na mwandiko wa mstari wa mwisho haujachoka kuliko wa kwanza.

Hapa ndipo nilipoona mkono wa fundi. Mfuko unaogawa gawio hupungua thamani ya kipande siku ya kugawa, kwa sababu fedha zimetoka mfukoni na kuingia kwa mwekezaji. Mtu akitazama bei peke yake ataona mfuko umesinzia, kumbe umekuwa ukilipa. Kwa hiyo, kabla ya kugawanya, Mwalimu anarudi kwenye tarehe za malipo na kuliongeza gawio juu ya bei ya mwezi ule. Ni nyongeza ndogo kwa kila kipande. Ukiisahau, mfuko wa kulipa gawio unaonewa na mfuko wa kukuza mtaji unasifiwa kwa kitu usichokifanya. Alama ndogo ya msalaba pembeni mwa mraba inaonyesha kila mahali alipoongeza.

Kutoka safu hiyo anapata vitu viwili. Cha kwanza ni wastani wa faida kwa mwaka. Cha pili ni kutikisika: kila mwezi ulitofautiana na wastani kwa kiasi gani. Tofauti anaziinua kwa kipeo cha pili ili za juu na za chini zisifutane, anazijumlisha, anatafuta wastani wake, kisha anarudi kwa kipeuo. William Sharpe, Mmarekani, mwaka 1966 alionyesha namna ya kuoanisha vitu hivi viwili: toa kwenye faida ile ambayo ungeipata bila hatari yoyote, kisha gawa kinachobaki kwa kutikisika. Kipimo chake bado kinatumika duniani kote, na Mwalimu hukiandika chini ya ukurasa kama ukaguzi. Ila hakimtoshi, kwa kuwa hakijui kwamba mama wa Kilwa anazihitaji fedha zake Januari.

Tena ana shaka na utulivu uliozidi. Mfuko ambao hatifungani zake hazithaminiwi kwa bei ya soko utaonekana hautikisiki kabisa, kwa sababu bei yake inapanda kwa hesabu ya riba inayojilimbikiza kila siku. Bahari ile ile iko chini yake. Mwalimu hutafuta kwenye taarifa za fedha, sehemu ya maelezo ya hesabu, namna dhamana zinavyothaminiwa, na akikuta hivyo anaandika neno moja kando ya namba ya kutikisika: "pole". Maana yake kwake ni kwamba namba hii isomwe polepole.

Sasa inakuja kazi isiyofanyika mezani. Vigezo ni vya wenye fedha, na wenye fedha lazima waulizwe. Wanachama wanapokutana, Mwalimu huwaeleza kwa ufuta, bidhaa wanayoijua: mnunuzi anachoma gunia kwa bambo, anatazama unyevu, takataka na rangi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotosha kumpangia bei. Mfuko nao una faida yake, kutikisika kwake, gharama ya kuuendesha, na siku za kungoja unapouza vipande hadi fedha zikufikie.

Bibi mmoja mkulima wa mwani aliuliza swali ambalo vitabu vingi vya mbinu hizi havianzi nalo. "Mwalimu mwanangu, na riba je? Mimi sili riba." Swali hili lina uzito mkubwa Kilwa. Sehemu kubwa ya fedha za mifuko mingi huwekwa kwenye hatifungani za serikali na amana za benki, na wapo Waislamu wasiokubali faida ya namna hiyo kwa kiwango chochote. Tanzania imekuwa na benki inayofuata misingi ya sharia, Amana, tangu mwaka 2011, na mifuko ya uwekezaji ya namna hiyo nayo imeanza kupatikana.

Mchambuzi mwenye haraka angeigeuza sharia kuwa kigezo cha tano na kuipa uzito kidogo, kisha faida kubwa ingekuja kuifunika. Mwalimu hakufanya hivyo. Alichora safu nyembamba upande wa kushoto kabisa wa jedwali, kabla ya namba yoyote, akaiita mlango. Ndani yake kuna ndiyo au hapana. Mfuko uliosimamishwa mlangoni hauingii kupimwa hata ukiwa na faida maradufu. Kisha akaamua kutengeneza majedwali mawili: moja la mifuko yote, la wanachama wasio na kizuizi hicho, na moja la mifuko iliyopita mlango. Kujua lipi la kupima kwa mizani na lipi halipimwi kwa mizani ni sehemu ngumu kuliko zote katika kazi hii, na kwa maoni yangu safu ile nyembamba ndiyo kitu kizuri kuliko vyote vilivyomo daftarini.

Vigezo vinne vilivyobaki, yaani faida, usalama (kutikisika kudogo), gharama na wepesi wa kupata fedha (siku chache za kungoja), vinahitaji uzito. Kuwauliza watu "faida ina uzito wa asilimia ngapi?" ni kuwatesa, kila mmoja atataja namba iliyo karibu. Thomas Saaty, mzaliwa wa Mosul, Iraki, aliyefundisha Marekani, katika miaka ya 1970 alibuni njia ya upole zaidi, inayojulikana kwa herufi AHP. Watu wanalinganisha vitu viwili kwa wakati mmoja, kwa alama kutoka 1, maana yake sawa, hadi 9, maana yake kimoja kinakishinda kingine kabisa. Vigezo vinne vinazaa jozi sita. Mwalimu aliandika kila jozi kwenye kipande cha karatasi, akawa anaviweka mezani kimoja kimoja, na hakuwahimiza.

Mzunguko wa kwanza ulijifunga. Walisema faida inauzidi usalama, usalama unazidi wepesi wa kupata fedha, halafu wepesi wa kupata fedha unazidi faida. Hakuwaambia wamekosea. Aliwasomea majibu yao matatu kwa mfululizo, taratibu, akanyamaza hadi mmoja wao akacheka na kusema, "Hapo tumezunguka kisima." Wakarudi kwenye jozi, safari hii wakizungumza juu ya Januari iliyopita na nani alikosa mkopo. Majibu yakatulia: usalama na faida sawa, 1, usalama mara 2 ya wepesi na mara 4 ya gharama, faida mara 2 ya wepesi na mara 3 ya gharama, wepesi mara 2 ya gharama.

Kwa kila kigezo Mwalimu anazidisha alama za mstari wake na kutafuta kipeuo cha nne, yaani anabonyeza kitufe cha kipeuo cha pili mara mbili. Usalama: 1 mara 1 mara 2 mara 4 ni 8, kipeuo 1.682. Faida, 6, kipeuo 1.565. Wepesi, nusu, kipeuo 0.841. Gharama, moja ya 24, kipeuo 0.452. Jumla 4.540. Akigawa kila kimoja kwa jumla anapata uzito: 0.37, 0.34, 0.19, 0.10. Saaty aliacha pia kipimo cha kugundua majibu yanayopingana, na alishauri kisizidi 0.1. Cha wanawake hawa kilikuja 0.004.

Kabla ya kugusa mifuko halisi, Mwalimu anafundisha kwa mifuko ya kubuni, ili mtu asishangilie jina. Aliiita Mpingo, Mkoko na Mnazi. Faida zake ni asilimia 12, 9 na 8. Kutikisika ni 6, 3 na 2. Gharama ni 2, 2 na 1. Siku za kungoja ni 7, 4 na 4. Namba hizi zinaonekana za kuokota. Lakini mbinu anayoitumia, TOPSIS, iliyochapishwa na Ching-Lai Hwang na Kwangsun Yoon mwaka 1981, inataka kila safu igawanywe kwa kipeuo cha pili cha jumla ya vipeo vyake, ili asilimia na siku ziweze kukaa meza moja. Fanya hesabu hiyo: safu ya kwanza inatoa 17 kamili, ya pili 7, ya tatu 3, ya nne 9. Hakuna desimali hata moja. Aliziteua hivyo ili mwanachama aliyeishia darasa la saba aifuate hesabu bila kuogopeshwa na mikia ya namba. Hakulitaja jambo hilo kwa yeyote. Nililigundua mwenyewe nilipoifuatilia hesabu.

Baada ya kugawa, kila safu inazidishwa kwa uzito wake. Kisha Mwalimu anachora mistari miwili mipya chini ya jedwali. Wa kwanza unachukua kilicho bora kutoka kila safu: faida kubwa kuliko zote, kutikisika kudogo kuliko kote, gharama ndogo, siku chache. Huo ni mfuko usiokuwepo duniani, mfuko wa matamanio. Wa pili unachukua kibaya kutoka kila safu. Sasa kila mfuko unapimwa umbali wake kutoka kwa matamanio na umbali wake kutoka kwa balaa, kwa kanuni ya Pythagoras ile ile ya pembetatu mraba ya kidato cha pili, ila pande ni nne. Mnazi uko 0.080 kutoka kwenye bora na 0.223 kutoka kwenye baya. Mkoko, 0.087 na 0.172. Mpingo, 0.223 na 0.080. Gawa umbali wa kutoka kwenye baya kwa jumla ya zote mbili: Mnazi 0.74, Mkoko 0.66, Mpingo 0.26. Mfuko wenye faida kubwa umekuwa wa mwisho, na kila aliyekuwepo aliweza kuonyesha kwa kidole ulikoangukia: safu ya kutikisika.

Wengi wangefunga daftari hapa, lakini yeye alifungua ukurasa mpya. Aliupandisha uzito wa faida hadi 0.5, akapunguza mingine kwa uwiano, akarudia yote. Mnazi bado mbele, 0.59, Mkoko ukinyemelea kwa 0.57. Akapandisha hadi 0.6. Mpingo ukaongoza kwa 0.51, na miwili mingine ikawa 0.49 kila mmoja. Aliipigia mstari namba hizo tatu na kusema kwamba mtu anayeipenda faida kiasi hiki hawezi kuambiwa lolote na jedwali, achague kwa moyo wake. Kisha akaondoa mfuko mmoja na kupima upya iliyobaki, kwa kuwa TOPSIS ina udhaifu unaojulikana: daraja linaweza kugeuka mshindani mmoja akitoka. Nimesoma ripoti za wataalamu zenye jalada zuri ambazo hazikufanya majaribio haya mawili.

Ng'ambo ya mlango wa bahari, Kilwa Kisiwani, masultani walifua sarafu za shaba ambazo maandishi ya upande mmoja yalifungwa vina na ya upande wa pili. Mtu alikaa akatafuta kina kinacholingana na jina la mtawala, akakichonga kinyume kwenye muhuri mdogo, kwa ajili ya sarafu ya kununulia vitu vya kawaida sokoni. Kilwa haikuanza leo kuwa na watu wanaozifanyia fedha ndogo kazi ya uangalifu mkubwa.

Mifuko halisi iliingia kwenye jedwali la mwisho ikiwa imefunikwa majina: A, B, C, na kuendelea, majina yakiwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya jalada. Daraja lilipokamilika, na majaribio ya uzito yalipoonyesha kwamba mfuko wa kwanza haung'oki kirahisi, ndipo karatasi ilipofunguliwa. Kulikuwa na mshangao kidogo, hasa kwa mfuko uliokuwa ukisifiwa sana mjini. Mwalimu hakuutetea wala kuuponda. Aliwarudisha kwenye mraba husika. Sehemu ya fedha za msimu ikapelekwa kwenye mfuko ulioongoza, ya wanachama wa mlango ikapelekwa kwenye mfuko ulioongoza jedwali lao, na sehemu ikabaki sandukuni kwa mikopo ya dharura. Kwenye kitabu cha mihutasari wakaandika uzito wa kila kigezo na tarehe ya kupima tena, baada ya ufuta wa mwaka unaofuata, kwa sababu bei zitakuwa zimebadilika na pengine mahitaji yao pia.

Kikundi chako kikiwa na fedha zilizolala, usianze kwa kuuliza mfuko gani unalipa zaidi. Omba waraka wa toleo, omba bei za vipande za mwisho wa mwezi kwa miaka mitano pamoja na tarehe za gawio, kisha waite wenzako muandike jozi zenu kwenye vipande vya karatasi. Kama mtaani kwenu kuna mwalimu wa hisabati aliyestaafu, mpelekeeni daftari la miraba.